Shati la Mananasi

Hii si ya kale, ni ya juzijuzi, na waliokuwepo bado wapo, isipokuwa wale ambao hawapo tena. Ilitokea katika nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu sheria ya nchi hiyo inamtaka kila anayelitaja asimame kwanza, mikono ubavuni na kidevu juu, na anayekusimulia amekwisha kukaa. Tuiite Wima, yaishe.

Rais wa Wima alikuwa Mtukufu Jemadari Sudi Mapande, mtu mwema kupita kiasi. Wema wake uliandikwa kwenye katiba, ibara ya pili, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuutilia shaka. Aliipenda nchi yake, akampenda dada yake Mwanahawa aliyemlea, lakini aliyemkaa rohoni hasa alikuwa rafiki yake Feruzi Malenda, rais wa nchi jirani ya Kitandu.

Urafiki wao ulianza vitani. Kabla hawajawa watukufu walikuwa vijana wawili wenye bunduki moja, wakipigana na utawala wa zamani uliokuwa umezikalia nchi zote mbili. Siku mambo yalipowazidi walikimbilia Kisimani, mji mdogo ulio chini ya Lango la Kore, ambalo ndilo njia pekee ya kupita katikati ya milima na kuingia Wima au Kitandu. Mwanahawa alikuwa mkunga wa mji huo. Aliwaficha nyuma ya wodi ya wazazi, mahali ambapo hakuna askari mwanamume aliyethubutu kuchungulia, na nguo zao zilipochakaa akawashonea mashati kwa mkono. Kitambaa kilichopatikana kilikuwa pazia la dirisha la wodi, jekundu, lenye picha za mabirika ya chai. Alilikata katikati. Nusu ikawa shati la Sudi, nusu ikawa shati la Feruzi.

Vita vilipokwisha, mabirika yakawa jambo la taifa. Kila Siku ya Ushindi marais hao wawili walisimama jukwaani wamevaa sare, birika kwa birika, kama shangazi wa ukoo mmoja harusini, na wananchi wakapiga makofi mpaka maofisa wa usalama waliporidhika. Watoto wa shule walifundishwa kwamba birika lililoinamia kushoto ni uhuru na lililoinamia kulia ni umoja. Aliyeuliza chai iko wapi alirudia darasa.

Ili mapenzi yale yasije yakaingia doa, wawili hao walitia saini Mkataba wa Kufa na Kuzikana, kuhusu ulinzi wa Lango la Kore. Mabaki ya utawala wa zamani yalikuwa bado yamejificha milimani, yakingoja. Kiserikali watu hao hawakuitwa waasi, kwa maana Wima haikuwa na waasi. Waliitwa wapanda milima wasio na vibali. Basi wataalamu wa nchi mbili walikaa wakajadili namna ya kulilinda lango bila mshirika mmoja kupata nafasi ya kumgeukia mwenzake, wakala chakula kingi, na hatimaye wakaipata. Pale langoni, askari wa Wima watashika bunduki. Askari wa Kitandu watashika risasi.

Ulikuwa mpango mzuri sana. Adui akionekana, ofisa wa Wima alimwendea ofisa wa Kitandu, akampa mkono, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua, na akishajibiwa kuwa ni njema ndipo alipoomba risasi. Kwa kuwa washirika walipendana, salamu zilikwenda mbio, na kila mara wapanda milima walirudi juu wakichechemea. Chini yao, Kisimani, Mwanahawa aliendelea kuzalisha watoto kwa amani, na wengi wa kiume waliitwa Sudi au Feruzi.

Asubuhi moja Mtukufu Sudi alikuwa akinywa uji wakati Waziri wake wa Mambo ya Nje, Balozi Shomvi Kitindi, alipoingia akiwa na gazeti alilolikunja na kulikunja mpaka likawa dogo kama kipande cha sabuni. Balozi Kitindi alikuwa mwanadiplomasia hodari. Hapakuwa na habari mbaya aliyoshindwa kuikunja.

"Mtukufu, kuna picha," alisema. "Si picha mbaya. Ni picha tu."

Sudi aliikunjua. Ilipigwa katika nchi ya tatu, Jamhuri ya Shwari, iliyo ng'ambo ya ziwa. Shwari haikuwahi kupigana vita vyovyote, na kwa kukosa historia ilibaki kutengeneza barabara na kufuma vitambaa. Rais wake, Daktari Nuhu Kipepe, alikuwa mtaalamu wa macho ambaye mpaka wakati huo alitibu watu siku za Jumamosi, jambo ambalo marais wenzake walilionea haya kwa niaba yake. Katika picha ile Kipepe alikuwa mezani kwa chakula cha jioni, amevaa shati la manjano lenye picha za mananasi. Pembeni yake alikuwa Feruzi. Naye alivaa shati la manjano lenye picha za mananasi.

Sare.

Sudi aliitazama picha kwa karibu, akaitazama kwa mbali, akaigeuza juu chini kama anayetafuta mahali ambapo mananasi yale yangegeuka kuwa mabirika. Yalibaki mananasi.

"Anacheka," alisema hatimaye.

"Ni tabasamu la kiitifaki, Mtukufu."

"Balozi, mimi namjua Feruzi. Lile gego la kulia halionekani ila akicheka kwa dhati. Hebu niambie, hapa kwangu gego lile limeonekana lini mara ya mwisho?"

Balozi Kitindi aliinamisha kichwa. Wizara yake haikuwa na kumbukumbu za gego.

"Alipokuja kwangu nilimchinjia fahali," Sudi aliendelea, akiigonga picha kwa kidole. "Akasema tumbo halijakaa sawa. Tazama sahani yake hapo. Tazama ule mlima wa wali. Kwa Kipepe tumbo limekaa sawa!"

Wivu ulimshika Mtukufu pale pale mezani, ukamshika kwelikweli, wala hakujaribu kuuita jina jingine. Aliinuka akaenda kabatini, akalitoa shati lake la kwanza kabisa, lile la pazia, akalinusa. Kisha akaagiza Baraza la Usalama wa Taifa likutane saa hiyo hiyo.

Ajenda ilikuwa moja, mananasi. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Chubwa, alianza kwa kusema kwamba walinzi wa lango wameona moshi mwingi juu ya Kore, na kwamba wapanda milima wanaonekana wameongezeka. Aliombwa akae asichanganye mambo. Akaitwa profesa wa mimea kutoka chuo kikuu, akaeleza kwa saa moja kwamba nanasi ni tunda lenye taji kichwani na miiba mwilini, kwa hiyo, kisayansi, ni tunda lenye ajenda. Mawaziri waliguna. Waziri wa Kilimo, ambaye alikuwa na shamba la mananasi nyumbani kwake, alitoka nje kupiga simu likang'olewe.

Jioni Balozi Kitindi alisoma tamko mbele ya waandishi wa habari. Lilisema hivi: "Serikali yetu imeiona picha hiyo kwa utulivu mkubwa. Serikali inapenda kuikumbusha dunia kwamba haina wivu, haijawahi kuwa na wivu, na yeyote atakayesema ina wivu atatafutwa popote alipo. Aidha, serikali inauliza, kwa nia njema kabisa, sisi tulikosa nini?"

Sentensi ya mwisho haikuwemo katika rasimu ya wizara. Mtukufu aliiongeza mwenyewe kwa kalamu ya risasi.

Kule Kitandu tamko lile lilipokewa vibaya. Feruzi naye ni mtu mwenye moyo, akaudhika kusemwa hadharani kabla ya kuulizwa faraghani. Hakujibu kwa maneno. Wiki ile, kwenye ufunguzi wa daraja, bendi yake ilipiga wimbo wa taifa wa Wima mpaka katikati, ikaacha. Balozi wa Wima aliyekuwepo alibaki amesimama na mdomo wazi, maana nchi yake haina utaratibu wa kukaa wimbo ukiwa haujaisha. Wanasema alisimama mpaka vijana walipokuja kukunja mahema.

Mwanahawa alipiga simu kutoka Kisimani.

"Sudi, umekula?"

"Nimekula, dada."

"Muongo. Mdogo wangu, hebu mpigie mwenzako umuulize habari za hilo shati. Neno moja tu."

"Nimpigie mimi? Mimi ndiye niliyevaa mananasi?"

"Ninyi ndivyo mlivyokuwa tangu nyuma ya wodi yangu. Nikimpa mwenzako ukoko, wewe unapima kwa macho."

"Ulikuwa unampa mkubwa, dada. Sijasahau."

"Alikuwa na homa, Sudi!"

"Homa ilikuwa siku mbili. Ukoko mkubwa alikula mwezi mzima."

Mwanahawa alicheka, kicheko kile cha wakunga ambao wameshaona watu wakubwa wakiingia duniani bila nguo. Kisha akaacha kucheka.

"Nisikilize. Huku moshi unaonekana mchana kutwa. Wajawazito wa vijiji vya juu wameanza kuogopa kuteremka. Ninyi mkinuniana huko ikulu, ni sisi tutakaolipia. Hilo lango ndilo ukuta wangu. Nina wodi imejaa, siwezi kukimbia na wodi."

"Lango liko salama, dada. Salama kama chumba changu cha kulala."

"Chumba chako kina geti la umeme, mdogo wangu. Sisi tuna ninyi wawili."

Sudi aliahidi kumpigia Feruzi. Alikusudia kweli. Aliishika simu, akaitafuta namba, halafu macho yakaangukia tena lile gazeti, na gego la Feruzi likamkodolea. Akaiweka simu chini. Wazo jingine lilikuwa limemjia, tamu zaidi.

Alimwalika Daktari Kipepe kwa ziara ya kitaifa.

Kipepe alikuja akiwa na mkoba wake wa vipimo vya macho, akidhani labda anahitajika kwa hilo. Alipokewa kwa mizinga, kwa ngoma, kwa watoto wenye maua, kwa gwaride lililopita mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anabadilisha lenzi. Kisha, mbele ya kamera za nchi sita, Mtukufu Sudi alimvisha kwa mikono yake mwenyewe shati jekundu la mabirika. Wazee waliokumbuka vita waligeuza nyuso. Shati lile halikuwahi kuvaliwa na mtu wa tatu.

Kipepe, ambaye huvaa chochote anachopewa na kushukuru, alishukuru.

Katika karamu Sudi alimshika mgeni bega na kucheka kwa nguvu, lakini macho yake yote yalikuwa kwenye kamera. Kila baada ya muda alimwinamia Balozi Kitindi.

"Feruzi ataiona picha?"

"Ataiona, Mtukufu. Tumeipeleka ubalozini kwake, ya rangi, imekuzwa."

"Na gego langu?"

"Linaonekana vizuri sana."

Kipepe alipomaliza supu alikohoa kidogo akasema, "Mtukufu, kuhusu ile siku Feruzi alipokuja kwangu, kuna kisa cha kuchekesha kilitokea, pengine ungependa..."

"Najua mna vyenu vya kuchekesha," alisema Sudi, roho ikimchoma upya, akamwongezea mgeni paja la kuku ili kinywa chake kipate shughuli.

Picha ilimfikia Feruzi. Inasemekana aliitazama huku amesimama, kisha akakaa, kisha akaomba maji. Asubuhi yake ofisa wa Kitandu pale Lango la Kore alipokea amri ya kuondoa risasi zote. Askari wake walizipakia kwenye malori wakilia machozi, maana walikwisha kuzoea salamu, na yule ofisa wa Wima aliwasindikiza mpaka kwenye kona akiwaombea safari njema, wao na watoto wao na mifugo yao.

"Zirudi leo hii," Jenerali Chubwa aliomba mbele ya Mtukufu. "Piga simu moja tu, Mtukufu. Pale langoni sasa tuna bunduki mia nne ambazo haziwezi hata kumtisha tumbili. Wakilijua hilo juu kule, Kisimani itakwenda kabla ya chai ya saa kumi."

"Kwa hiyo tuombe?" aliuliza Sudi. "Yeye aondoe risasi zake, sisi tubaki pale na bunduki tupu, tumesimama kama mchumba aliyesahauliwa sokoni? La. Naye ataona. Ondoa bunduki."

"Mtukufu, hiyo ina maana kwamba..."

"Ina maana kwamba sisi pia tunajua kuondoka!"

Jenerali aliendelea kubisha, kwa hiyo alipandishwa cheo na kuwa balozi katika nchi ambayo wizara ilikuwa bado inaitafuta kwenye ramani. Bunduki ziliteremshwa. Langoni kikabaki kibao cha bati kilichoandikwa: ENEO HILI LINALINDWA KWA UPENDO WA NCHI MBILI. Serikali ilitangaza kwamba ulinzi wa Lango la Kore umepanda kutoka ngazi ya kijeshi na kufikia ngazi ya kimaadili, na wananchi walipongezwa kwa hatua hiyo.

Majirani walishtuka. Jumuiya ya Nchi za Maziwa na Milima iliitisha mkutano wa dharura, ambao kwa sababu ya dharura uliahirishwa mara mbili. Ulipokaa ulionyesha wasiwasi, ukaazimia kuonyesha wasiwasi mkubwa zaidi mkutano ujao. Nchi moja ilifunga mpaka wake, nyingine iliongeza nauli za meli. Shwari peke yake ilianza kusimika mahema kando ya ziwa na kupeleka huko marobota ya nguo, kitendo ambacho Wima ilikilaani kama uchimvi wa kuitabiria nchi mabaya.

Mwanahawa hakuwa mtu wa kungoja mikutano. Aliona Sudi hasikii, akamwandikia Feruzi, na gazeti la Kitandu likauchapa ujumbe wake ukurasa wa mbele. Ulikuwa mfupi. "Mdogo wangu Feruzi, wewe ndiye mwenye busara kati yenu. Zirudishe risasi, nakuomba."

Sudi aliusoma mara moja tu. Hakuna kitu kilichomuuma kama kile, wala mananasi. Mdogo wangu! Neno lile lilikuwa lake peke yake tangu azaliwe. Na mwenye busara, eti. Ukoko umerudi, aliwaza, na safari hii dada kampa mwenzangu sufuria zima.

Siku iliyofuata Mtukufu alikuwa katika chumba cha fundi, akipimwa shati jipya. Alikuwa ameamua kwamba Siku ya Ushindi mwaka huu atasimama jukwaani peke yake, na amevaa kitambaa kipya, cha majogoo, ambacho hakuna rais mwingine duniani atakayekigusa. Fundi alikuwa amebana pini mdomoni. Balozi Kitindi alikuwa ameshika vifungo vya aina tofauti kwenye sinia.

Simu iliita. Dada.

Sudi aliitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Ananipigia kunisuluhisha," alimweleza balozi. "Ataniambia Feruzi alikuwa na homa."

Ikaita tena. Ikanyamaza, ikaita tena. Fundi alisimamisha tepu yake hewani.

"Pima," alisema Sudi. "Ampigie mdogo wake mwenye busara."

Iliita mara nyingi siku hiyo, na kila ilipoita Sudi alisikia uchungu uliochanganyika na raha, raha ya mtu anayetafutwa. Aliihesabu kila simu. Ilipoacha kabisa, alijikuta akingoja iite tena, na kwa muda mrefu vifungo havikumpendeza, vyote, hata vile vya pembe.

Wapanda milima wasio na vibali walikuwa wameshuka asubuhi hiyo. Walifika langoni wakitambaa kwa matumbo, kwa mazoea, wakakikuta kibao. Waliosoma waliwasomea wasiosoma. Walicheka mpaka wakaketi chini, kisha wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakapita katikati ya barabara kwa miguu yao kama waliokuwa wanakwenda mnadani. Kisimani ilikuwa hapo chini, mlango wazi.

Balozi Kitindi aliporudi alasiri hakuwa na gazeti mkononi. Alikuwa na karatasi moja ya simu ya upepo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuwa ameikunja.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, maana askari wa Wima walikuwa na bunduki nyingi bila risasi, na wale wa Kitandu walikuwa na risasi nyingi bila bunduki, na kati yao hapakuwa na ofisa aliyebaki wa kuuliza habari za nyumbani. Lango lilikuwa mlango wa nchi zote mbili. Nchi zote mbili ziliingiwa. Wapanda milima walipofika ikulu walijiandikia vibali wenyewe. Mtukufu Sudi alivuka ziwa kwa meli ya mizigo, katikati ya magunia ya dagaa, amevaa shati la majogoo ambalo lilikuwa bado halijatiwa mkono wa kushoto.

Kambini Shwari walipanga watu foleni. Hapakuwa na foleni ya watukufu. Mbele ya Sudi alisimama mwanamke kijana aliyembeba mtoto mchanga ndani ya kanga, na mtoto yule hakuwa na umri wa wiki. Sudi alimuuliza anatoka wapi.

"Kisimani," alisema mwanamke, bila kumtazama. "Mkunga alinitoa kwa mlango wa nyuma, mimi na huyu. Nikamwambia, twende, mama. Akasema kuna mwenzako ndani bado hajajifungua, tangulia. Tulipofika bondeni tukageuka, wodi ilikuwa inawaka."

Sudi alitaka kuuliza kitu kingine. Foleni ikasogea. Mezani alipewa blanketi, sabuni, na shati. Shati lilikuwa la manjano. Lilikuwa la mananasi.

Akatazama huku na huku. Karani aliyekuwa akigawa alivaa mananasi. Dereva wa lori la maji alivaa mananasi. Wapishi, wauguzi, mwanamke anayefagia, wote. Ndicho kitambaa rahisi kupita vyote katika Shwari, kiwanda chao kinafuma hicho mwaka mzima.

Alilivaa shati lake, akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya hema la maji. Kulikuwa na mtu mwingine pale, amejikunyata, amevaa shati lile lile. Alikuwa Feruzi.

Sudi alikaa upande wa pili wa benchi. Mwisho Sudi alishindwa.

"Ile siku. Ulilivaa shati hili kwa sababu gani?"

"Nilijimwagia mchuzi," alisema Feruzi. "Mchuzi wa samaki, kifua kizima, mabirika yote yalikuwa yamelowa. Kipepe akaniazima shati la mhudumu. Tukacheka. Ndipo wakapiga picha."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliiuliza dunia."

Sudi alilikunjakunja blanketi lake magotini. Upande wa pili wa hema mtoto mchanga alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Dada alinipigia siku ile," alisema Feruzi kwa sauti ya chini.

Sudi aligeuka kwa ghafla. "Alikupigia wewe?"

"Alisema wewe hupokei. Aliomba risasi. Alisema anaziona sura zao, wamefika kwenye kisima."

"Ukamwambiaje?"

Feruzi alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia uanze wewe kuniomba radhi. Kwa lile shati ulilomvisha Kipepe. Nilimwambia akuambie."

"Ungemkubalia tu, Feruzi. Ungemkubalia."

"Na wewe ungepokea simu."

Sudi aliangalia mikono yake, mikono iliyokuwa imetia saini mambo mengi. Machozi yalimjia, na yalikuwa ya kweli, yakamtiririka mpaka kwenye mananasi. Alilia kwa ajili ya Mwanahawa, kwa sindano yake na pazia lake na ukoko wake. Lakini chini kabisa, chini ya kilio, kitu kilikuwa kikimtekenya, na alijaribu kukinyamazisha na hakikunyamaza.

"Wewe," alisema, akivuta kamasi, "alikupigia mara ngapi?"

Feruzi alifikiri. "Mara nne."

"Mimi alinipigia mara saba," alisema Sudi.

Na kifua chake kilichokuwa kimebana tangu asubuhi ya lile gazeti kikalegea kidogo. Alimtazama mwenzake pembeni. Feruzi alikuwa amegeuzia uso wake upande wa pili, amenuna.